Ubongo wa mtoto unajijengaje? Maswali ninayoulizwa kila mara Mtwara na Lindi

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Mtwara. Maswali haya yanatoka pande mbili. Kuna wanafunzi, wanaofika kwenye ukuaji wa kiinitete na kukuta kitabu kina mchoro mmoja na mistari michache. Kuna wazazi pia, ambao wakishajua unafundisha mambo ya mwili hukusimamisha hata sokoni. Nimeyapanga takriban kwa kufuata umri wa mimba na wa mtoto. Mwenye mgonjwa nyumbani asingoje kumaliza kusoma, aende kituo cha afya kwanza.

Mwalimu, ubongo unaanza lini hasa?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ni wiki ya tatu tangu mimba itungwe, wakati mama ndiyo kwanza anahesabu siku zake na kujiuliza mbona zimepita. Kiinitete hakijafika hata milimita mbili. Seli za tabaka la nje, upande wa mgongoni, zinanenepa na kuwa bamba. Kingo za bamba zinainuka, zinapinda kuelekeana, zinakutana na kushikana. Bamba limekuwa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo.

Kufunga kunaanzia karibu na shingo na kwenda pande zote mbili. Upande wa kichwa hufunga kama siku ya 25, wa chini siku ya 27 au 28. Wiki hiyohiyo ya nne upande wa kichwa unavimba sehemu tatu, na wiki ya tano zinakuwa tano. Uwazi wa ndani ya mrija haupotei: vyumba vinne vya maji vilivyomo ndani ya ubongo wako leo ndio uwazi huohuo.

Tahadhari moja ya hesabu. Kliniki huhesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo tarehe za kwenye kadi zinatangulia hizi kwa kama wiki mbili.

Ngozi na ubongo vinatoka tabaka moja. Nani anaiambia seli iwe ubongo?

Mwaka 1924, mjini Freiburg, Ujerumani, mwanafunzi aliyeitwa Hilde Mangold na mwalimu wake Hans Spemann walichapisha jaribio ambalo mpaka leo sijapata la kulishinda kwa kufundishia. Mangold alichukua kipande kidogo cha tishu kwenye kiinitete cha salamanda wa majini, mnyama wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi, akakipandikiza tumboni kwa kiinitete kingine. Kiinitete kile kikaota mwili wa pili, wenye mrija wa neva wake. Na seli zilizojenga mrija huo nyingi zilikuwa za mwenyeji, siyo za mgeni. Kipande kilikuwa kimezishawishi seli ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo zigeuke kuwa mfumo wa neva. Mangold alifariki kwa ajali ya moto mwaka huohuo. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935.

Kujua kipande kile kilikuwa kinasema nini kulichukua miaka kama 70, na jibu likawa kinyume cha matarajio ya wengi. Seli za tabaka la nje zinaelekea kuwa neva zenyewe. Kinachozigeuza kuwa ngozi ni protini zinazomwagwa na majirani zake, na kazi ya kipande cha Mangold ni kutoa protini nyingine zinazozinyamazisha hizo. Kwa maneno mengine, ubongo ndivyo seli zinavyokuwa zikiachwa zisisumbuliwe. Darasa huwa linacheka hapo, lakini ndivyo ilivyo.

Basi ramani ya ubongo iko wapi? Kwenye jeni?

Haipo. Hili ndilo jibu ambalo watu hawalikubali kirahisi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Mtu anayejenga nyumba Shangani, hapa Mtwara, humpa fundi ramani: ukuta hapa, dirisha pale. Hesabu zinakataa jambo hilo kwa ubongo. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, idadi iliyopatikana mwaka 2009 na kundi la Suzana Herculano-Houzel wa Brazili. Kila seli inaungana na maelfu ya nyingine, na makadirio ya viungio, yaani sinapsi, yanafika trilioni 100 na zaidi. Upande wa pili, jeni zetu zinazotengeneza protini ni kama 20,000 tu, na maandishi yote ya DNA ni herufi kama bilioni 3.2. Hata kila sinapsi ingepewa herufi moja, herufi zingeisha mapema sana.

Kinachorithiwa ni kanuni. Seli haijui ubongo mzima utakuwaje. Inajua mambo machache: imetokana na seli gani, ipo wapi, imezungukwa na nani, na saa hii ni saa gani ya ukuaji. Mfano mzuri uko kwenye mrija wenyewe. Chini ya mrija kuna tishu inayotoa protini, na protini hiyo inapungua kadiri unavyopanda juu. Juu kuna nyingine inayoshuka. Seli inapima imepata kiasi gani cha kila moja. Iliyo karibu na chini inapata dozi kubwa na kuelekea kuwa neva za kuendesha misuli. Iliyo juu inapata dozi ndogo na kuwa neva za kupokea mguso na maumivu. Hakuna aliyepanga seli mojamoja, lakini safu zinatokea kila mara, kwa mpangilio uleule.

Kisha kila hatua inaandaa mazingira ya hatua inayofuata. Safu ya kwanza ikikaa, inakuwa jirani mpya mwenye ujumbe mpya. Utata unatokea hapo, kwa kanuni chache kurudiwa juu ya matokeo yake zenyewe.

Ushahidi wa wazi kabisa ulitoka Vienna mwaka 2013. Madeline Lancaster, Jürgen Knoblich na wenzao walikuza maabara seli za shina za binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingi, wakazipa chakula na mahali pa kushikilia, kisha wakaziacha. Zilijikusanya zenyewe kuwa donge la kama milimita nne, lenye sehemu zinazofanana na ubongo wa kijusi, hata tishu ya jicho. Donge halikuendelea kukua sana kwa sababu halina mishipa ya damu na seli za katikati zinakosa hewa. Halikuwa ubongo, na waliosema ni ubongo ndani ya chupa walitia chumvi.

Ndiyo maana pia mapacha wa yai moja, wenye jeni sawasawa, hawafanani mikunjo ya ubongo. Kanuni ni zilezile, matokeo yanatofautiana kidogo. Kuna kaminyoo ka udongoni kenye seli za neva 302, na kila kaminyoo wa kawaida, yule mwenye jinsia mbili kwa pamoja, anazo 302, mahali palepale. Sisi hatujengwi hivyo.

Nilipewa vidonge vya FEFO kliniki. Si ndivyo vinavyozuia mgongo wazi?

Vimeze, mama, vina madini ya chuma na asidi ya foliki, na vinakusaidia damu. Lakini rudi kwenye zile tarehe. Mrija unafunga siku ya 28. Wanawake wengi kwetu hufika kliniki mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitatu au zaidi. Wakati huo mrija ama umefunga ama haukufunga, na hakuna kidonge kinachourudisha nyuma.

Asidi ya foliki inahitajika seli zinapogawanyika kwa kasi ili mrija ufunge. Ushauri wa kimataifa ni mikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Mwaka 1991 jaribio kubwa la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, lilionyesha kuwa dozi kubwa iliyoanza kabla ya mimba ilipunguza kurudiwa kwake kwa asilimia 72. Kwa hiyo aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kabla ya mimba inayofuata. Dozi yake si ya kawaida. Vilevile anayetumia dawa ya kifafa: kuna aina, hasa valproate, inayoongeza hatari. Usiache dawa kwa uamuzi wako, nenda ukabadilishiwe.

Na chakula? Mbaazi, kunde, choroko na mboga za majani vina folati, yaani asidi ya foliki ya kwenye chakula, na kusini hatuna shida ya mbaazi. Shida ni kuchemsha muda mrefu na kumwaga maji, maana folati huharibika kwa moto na nyingine inaondoka na maji. Unga wa viwandani wenye nembo ya virutubishi umeongezwa asidi ya foliki. Unga uliosaga mwenyewe kwenye mashine ya mtaani haujaongezwa kitu. Wengi wetu tunakula huo wa pili, kwa hiyo kidonge kabla ya mimba kina maana kubwa zaidi huku kuliko kwa anayenunua mkate kila asubuhi.

Mtoto wa jirani amezaliwa na mgongo wazi. Wanasema amerogwa.

Mrija haukufunga upande wa chini. Basi. Usipofunga upande wa kichwa, ubongo haukui na mtoto haishi. Kichwa kikubwa, yaani maji kujaa ndani ya vile vyumba vinne, mara nyingi huandamana na mgongo wazi. Vyote viwili hufanyiwa upasuaji, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa mojawapo ya mahali pa kufanyia, na kila wiki inayopotea kwa mganga ni wiki ambayo maji yanaendelea kuubana ubongo. Jirani yako anahitaji mtu wa kumsindikiza hospitali ya mkoa leo.

Seli zinazaliwa mahali pamoja. Zinajuaje pa kwenda?

Karibu seli zote za neva za gamba la ubongo huzaliwa ndani, kando ya vile vyumba vya maji, halafu zinasafiri kwenda nje. Njia yao ni seli nyingine ndefu zilizonyooka kutoka ndani hadi nje. Seli changa inashika moja na kupanda. Pasko Rakic, aliyezichora safari hizo kwa makini miaka ya 1970, alionyesha jambo la ajabu: waliotangulia hukaa chini, na kila kundi jipya linawapita na kukaa juu yao. Gamba lenye matabaka sita linajengwa kwa mtindo huo, kutoka ndani kwenda nje. Kazi hii imepamba moto kati ya mwezi wa tatu na wa sita wa mimba.

Zikishafika, kila moja inatoa mkia mrefu kwenda kuungana na wenzake, pengine mbali sana. Mwaka 1890 Santiago Ramón y Cajal, Mhispania, aliona kwenye kiinitete cha kuku kwamba ncha ya mkia huo imetanuka na kutoa vidole vinavyopapasa. Alikuwa anatazama vipande vilivyokufa na kupakwa rangi, lakini akatambua kuwa ncha ile ilikuwa safarini. Leo tunajua inapapasa kemikali: nyingine zinaivuta, nyingine zinaifukuza.

Roger Sperry alilithibitisha hilo kwa njia ya kikatili kidogo miaka ya 1940. Alikata neva ya jicho la chura, akaligeuza jicho juu chini, akasubiri neva iote upya. Iliota, ikarudi kila uzi mahali pake pa zamani. Chura akawa anaona dunia imepinduka. Inzi akiwa juu, anarusha ulimi chini. Na hakujifunza kamwe. Nyuzi zilikuwa zimefuata anwani ya kemikali, hazikujali kama mwenye jicho anashiba au hashibi.

Ni kweli seli nyingi za ubongo wa mtoto hufa kabla hajazaliwa?

Kweli, na hakuna ubaya. Sehemu nyingi za mfumo wa neva huzalisha seli kupita mahitaji, na katika baadhi ya sehemu karibu nusu hufa. Zinashindania protini kidogo inayotolewa na zile zinazounganishwa nazo. Iliyopata muungano inapata protini na kuishi. Iliyokosa inajiua kwa utaratibu wake. Hivyo idadi ya seli zinazotuma inalingana na ya zinazopokea bila mtu kuhesabu.

Protini ya kwanza ya aina hiyo iligunduliwa na Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen miaka ya 1950, wakapata Nobel mwaka 1986. Levi-Montalcini alianza kazi hiyo chumbani kwake Italia wakati wa Vita ya Pili, baada ya sheria za kibaguzi za Mussolini kumfungia milango ya chuo kikuu kwa kuwa Myahudi. Vifaa vyake vilikuwa mayai ya kuku na sindano za kushonea alizozinoa.

Chumvi yetu ya hapahapa pwani ina kasoro gani? Si ya baharini?

Swali hili naomba kila anayepika alisome.

Maji ya bahari yana madini joto kidogo mno, na chumvi inapoganda kwenye mashamba ya chumvi hayabaki ya kutosha. Lazima yaongezwe. Sheria ya Tanzania inadai hivyo tangu miaka ya 1990, lakini chumvi ya wazalishaji wadogo wa Kilwa, Lindi na Mtwara mara nyingi inafika sokoni bila kuongezwa. Kwa hiyo watu tunaokaa juu ya mashamba ya chumvi tumekuwa miongoni mwa waliokosa madini joto kwenye chumvi kuliko mikoa mingi ya bara. Nikiwaambia wanafunzi wanadhani natania.

Uhusiano na ubongo ni huu. Tezi ya shingoni hutumia madini joto kutengeneza homoni inayoharakisha ukuaji. Ile safari ya seli kupanda kwenda nje, kutoa mikia, na baadaye kuvikwa mafuta yanayoharakisha umeme wa neva, vyote vinaitegemea. Tezi ya mtoto haijitoshelezi mpaka karibu katikati ya mimba, kwa hiyo nusu ya kwanza anategemea homoni ya mama. Mama akipungukiwa sana, mtoto huzaliwa na ulemavu wa akili, pengine na uziwi pia, na madini joto ya baadaye hayafuti hilo. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 kwa siku.

Samaki wa bahari husaidia. Chumvi nunua yenye nembo ya madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na unyevu, na itie chakula kinapokaribia kuiva.

Uraka kidogo msimu wa korosho, je? Mabibo ni matunda.

Mabibo ni matunda, uraka ni pombe. Pombe hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto kwa kiwango cha damu ya mama, na huua seli changa za neva na kupotosha safari zao. Hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama, wala mwezi ulio salama. Gongo ni mbaya zaidi kwa kuwa ni kali. Kula mabibo yenyewe upendavyo.

Na dawa tunazopulizia mikorosho?

Tenganisha mbili. Salfa ya unga, ile ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, inachoma macho na kifua, lakini haijulikani kama sumu ya ubongo. Dawa za wadudu ni habari nyingine. Nyingi zinamuua mdudu kwa kuvuruga neva zake, na baadhi, kama zile za jamii ya organofosfeti, zinashika kimeng'enya ambacho sisi pia tunacho. Tafiti za watoto zimehusisha kukutana nazo tumboni na uwezo mdogo wa kujifunza baadaye. Mjamzito asipulize, asifue nguo za aliyepuliza, na kopo la dawa lisigeuzwe chombo cha maji. Hili la kopo naliona bado vijijini, na linaniudhi.

Kwa nini ubongo una mikunjo?

Hadi wiki ya 20 hivi ubongo wa kijusi ni laini. Baadaye gamba la nje linatanuka haraka kuliko sehemu iliyo chini yake, nalo limeshikamana nayo, kwa hiyo halina budi kujikunja. Mwaka 2016 kundi la L. Mahadevan wa Harvard lilitengeneza ubongo laini wa jeli kwa kufuata umbo la ubongo wa kijusi, likaupaka tabaka la jeli inayovimba. Ulipotiwa kwenye kimiminika, ulijikunja ukatoa mifereji inayofanana na ya kweli. Jeni ziliamua unene na kasi. Mikunjo ilifanywa na mkazo. Ndiyo sababu mtoto njiti mno ana ubongo laini kuliko wa aliyetimiza miezi.

Mtoto wangu ana kichwa kikubwa. Atakuwa na akili?

Kama kichwa kinakua kufuata mstari wa kadi, ni kichwa tu. Kikianza kuvuka mistari, utosi ukivimba na macho kuangalia chini, mpeleke hospitali. Utosi uliozama kwa mtoto anayeharisha ni upungufu wa maji, wala usipakwe dawa.

Kuhusu ukubwa na akili, mfano ninaoupenda uko baharini kwetu. Silikanti, samaki aliyedhaniwa alitoweka zamani za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, amekuwa akinaswa kwenye majarife ya Tanzania tangu 2003, Kilwa ikiwemo. Ni samaki mkubwa, wengine hupita urefu wa mtu. Ukifungua uwazi wa fuvu lake, ubongo unachukua kama asilimia moja tu. Sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta. Mwaka 2019 watafiti waliwapiga picha za eksirei silikanti wa umri mbalimbali, kuanzia walio tumboni, wakaona chanzo: fuvu linaendelea kukua miaka yote huku ubongo ukikua kidogo sana. Mwanzoni havikuachana mbali hivyo.

Tembo wa Liwale naye ana ubongo unaozidi wetu mara tatu kwa uzito, na seli za neva bilioni 257. Lakini karibu zote ziko kwenye ubongo wa nyuma unaoratibu mwendo. Gamba la juu lina kama bilioni 5.6, letu lina 16. Swali la maana ni seli zimegawanywa wapi.

Pweza hana uti wa mgongo. Akili anaitoa wapi?

Akina mama wanaovua pweza kwenye miamba ya Songosongo wanajua kuwa anakumbuka na anatoroka. Ana seli za neva kama milioni 500, theluthi mbili zikiwa mikononi. Wala hakupitia mrija tuliouona. Sehemu kubwa ya neva za ubongo wake huzaliwa karibu na macho na kusafiri kuingia ndani. Ni ujenzi mwingine kabisa.

Mwanangu alizaliwa na mtoto wa jicho. Nimeambiwa niwahi. Si afanyiwe akikua?

Wahi. Kwa mzee, mtoto wa jicho anaweza kusubiri mwaka na akitolewa mtu anaona. Kwa mtoto mchanga, jicho linaweza kutengenezwa vizuri kabisa na bado asione, kwa sababu ubongo utakuwa umejijenga bila jicho hilo.

Miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel walifunga jicho moja la paka wachanga kwa wiki kadhaa. Walipolifungua, jicho lilikuwa zima, lakini sehemu ya ubongo inayoona ilikuwa imetwaliwa karibu yote na jicho lililobaki wazi. Paka mzima aliyefungwa jicho muda kama huo hakupata madhara. Walipewa Nobel mwaka 1981. Hapa kanuni inabadilika: hadi kuzaliwa, kemikali zimeweka nyuzi karibu na mahali pake, na sasa matumizi yanaamua zipi zibaki. Hata kabla macho hayajafunguka, retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inajipigia mawimbi ya umeme yenyewe, nayo yanasaidia kunyoosha nyuzi.

Mboni yenye weupe ioneshwe mara moja. Mtoto wa jicho mzito kwa mchanga hutolewa ndani ya miezi miwili hivi ya mwanzo inapowezekana, kwenye hospitali yenye bingwa wa macho ya watoto, kama CCBRT ya Dar es Salaam. Baada ya hapo kuna miwani na mazoezi, msiviache.

Bibi anamsemesha Kimakonde, sisi Kiswahili. Hatachanganyikiwa?

Hachanganyikiwi. Mtoto wa miezi sita anatofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba uwezo huo unapungua kufikia miezi 10 hadi 12, masikio yakishikilia lugha za nyumbani. Zikiwa mbili, anashikilia mbili. Mwacheni bibi aseme.

Kijana akitoka jandoni, ubongo wake si umekomaa?

Kwa jamii ni mtu mzima, na hilo lina heshima yake. Kwa ubongo, bado. Sinapsi za sehemu ya mbele, inayopima matokeo na kuzuia pupa, zinaendelea kupunguzwa ujana wote, na nyuzi zake zinaendelea kuvikwa mafuta hadi miaka ya ishirini na kitu. Watoto wengine huku huingia jandoni au unyagoni wakiwa na miaka minane. Mafunzo wapewe, lakini mtu asidai mwali wa umri huo yuko tayari kwa ndoa kisa amechezwa.

Tunaweza kuona ubongo ukijengeka darasani?

Kwa yai, ndiyo. Tafuta mayai chini ya kuku anayeatamia, weka alama ya tarehe, chukua moja la siku ya tatu. Lilaze, subiri kidogo kiinitete kielee juu, kata dirisha dogo kwenye ganda kwa mkasi. Utaona moyo unadunda, na kichwani macho meusi yanayoanza kutokeza na mavimbe ya ubongo, kwa lenzi ya mkononi tu. La siku ya tano lina macho makubwa kuliko unavyotarajia. Moja kwa kila kundi linatosha. Na yawe ya kuku wa kienyeji wanaokaa na jogoo. Kila mwaka kuna kikundi kinachoniletea trei ya mayai ya dukani, kinayaweka kwenye joto siku tatu, kisha kinalalamika kwamba hakuna kitu.